KITABU CHA MZEE (ukoo tu)

Alhamisi

Dada Mkubwa Forest 07:02
Shikamooni wakubwa, wadogo habari za asubuhi. Narudia mara ya tatu. Jumamosi saa nne tunakutana kwangu kuhusu kitabu cha Mzee. Macho yake mnayajua, mtoto wa jicho ameshaziba la kulia, na la kushoto linaelekea huko huko. Mtu kaandika safu kila Jumapili tangu 1977 hadi 2015, nyumbani kwake hakuna hata kipande kimoja. 30,000 kila kichwa. Mpaka sasa wametoa wawili, mmoja ni mimi.

Dada Mkubwa Forest 07:03
Na waliosoma ni 19. Nawaona.

Kaka Makambako 09:47
Shikamoo dada. Mimi nilisoma usingizini, haihesabiki

Dada Mkubwa Forest 09:48
Wewe elfu thelathini.

Kaka Makambako 09:50
Viazi vinapokelewa?

Binti wa Dar 11:15
Shikamooni. Juzi nilikuwa Maktaba Kuu pale Bibi Titi, jana nikapanda Mlimani, maktaba ya chuo kikuu, sehemu ya East Africana. Napekua Jumapili moja moja. Nimepata za Babu 23. Karatasi imekuwa rangi ya chai, unageuza huku umebana pumzi. Ila za mwanzo wa miaka ya 80 ni fupi mno, nusu ya zile za mwanzo. Alikuwa anaumwa?

Mjomba Mafinga 12:30
Marahaba. Hakuumwa, karatasi zilikuwa hakuna. Nchi haina fedha za kigeni, magazeti yakapunguza kurasa. Shemeji alikuwa anaandika nyuma ya madaftari ya wanafunzi wake, upande huu makala upande ule hesabu za darasa la tano. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo kilipoanza 1985 ndiyo nikawa nambebea rimu kwenye begi.

Mjomba Mafinga 12:34
Na bahasha alikuwa anaipeleka stendi mwenyewe, anampa kondakta. Lori likilala mlima Kitonga, njia ikafungwa, Jumapili hiyo safu haitoki.

Kaka Makambako 12:35
Kumbe mhariri wa kwanza alikuwa Kitonga

Mama Mdogo Iringa 12:41
😂😂

Mjomba Mafinga 12:52
Sasa jambo la msingi kabla hamjachanga. Haki ya hizo makala ni ya nani? Kwa Sheria ya Hakimiliki ya 1999, kazi ya mwajiriwa huwa ni ya mwajiri, labda wamekubaliana vingine. Shemeji hakuajiriwa na gazeti, alikuwa mwalimu, analipwa kwa makala. Mwenye barua yoyote ya mhariri aitafute. Mchapaji ataiuliza.

Kaka Makambako 12:53
Alilipwa? Nani shahidi?

Mama Mdogo Iringa 12:55
Alilipwa mwaka ule tukala nyama siku mbili

Kaka Makambako 12:55
Ile nyama ilikuwa ya kipaimara chako mama mdogo

Mama Mdogo Iringa 12:58
Kumbe! Basi hakulipwa 😂

Dada Mkubwa Forest 13:20
Mjomba kauliza jambo la maana nyie mnaleta nyama. Barua zimo kwenye sanduku. Sanduku liko Uyole. Baba Mdogo, shikamoo.

Dada Mkubwa Forest 16:44
Baba Mdogo, shikamoo.

Baba Mdogo Uyole 20:31
Marahaba. Sanduku lipo. Lililetwa kwangu paa lake lilipovuja, mkaniachia nipigane na mchwa miaka tisa, hakuna aliyeuliza hata dawa bei gani. Nami nina swali. Ile ya ng'ombe inaingia kwenye kitabu?

Dada Mkubwa Forest 20:40
Baba Mdogo ile ni ya 1983 jamani

Baba Mdogo Uyole 20:47
Ni ya 1983, na leo nikipita sokoni Uyole wapo wanaoniita Mzee wa Ng'ombe. Hakunitaja jina, sawa. Aliandika "mdogo wangu fundi baiskeli". Mafundi baiskeli Uyole tulikuwa wangapi?

Kaka Makambako 20:48
Wawili

Dada Mkubwa Forest 20:48
Makambako nyamaza.

Mjomba Mafinga 21:10
Shemeji wa Uyole, nakuelewa. Ila tukumbuke enzi zenyewe. Sheria ya Magazeti ya 1976 ilikuwepo, waziri akichukia gazeti linafungwa. Mwaka huo wa 1983 watu wanakamatwa kwa uhujumu uchumi, sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni. Mzee aandike mkurugenzi fulani kaficha sukari? Aitwe yeye na mhariri wake. Akiandika mdogo wake kauza ng'ombe wa nyumbani, msomaji anacheka na anajua vizuri anasemwa nani.

Baba Mdogo Uyole 21:16
Kwa hiyo mimi ndiye nilikuwa mkurugenzi.

Binti wa Dar 21:30
Babu Uyole shikamoo. Hiyo nimeipiga picha jana. Samahani, ndiyo nzuri kuliko zote 23

Baba Mdogo Uyole 21:31
Marahaba. Najua ni nzuri.

Ijumaa

Shangazi Tukuyu 06:20
🎤 Ujumbe wa sauti (4:12)

Shangazi Tukuyu 06:38
Shikamooni, ni mjukuu wake ninayeshika simu. Bibi kasema wengine hamsikilizi sauti mpaka mwisho, niandike alivyosema.

"Nimesomewa yote. Mwandishi ni mdogo wangu, na wa Uyole ni mdogo wangu. Ng'ombe yule alikuja na mahari yangu, mwekundu, pembe moja imevunjika. Marehemu baba ndiye aliyesema auzwe, mwandishi apate taipureta, maana alikuwa anaandika kwa mkono na wa Dar wanamrudishia. Wa Uyole alitumwa tu kumswaga mpaka mnadani. Ng'ombe alikuwa wa kumwolea yeye, akachelewa kuoa. Taipureta ile ile ndiyo ikaandika kwamba yeye aliuza. Ng'ombe aliandikwa, taipureta haikuandikwa. Na mimi nilinyamaza, kwa sababu kila Jumapili watu wakitoka kanisani nilikuwa nasomewa, nami naambiwa huyu ni ndugu yako, nikapenda. Sasa iwekeni kama mnaiweka, ila haya yakae ubavuni mwake, na ayaseme yeye mwenyewe. Macho yanakwisha, mdomo anao. Ndaga fijo (asanteni sana)."

Kaka Makambako 06:51
🚫 Ujumbe huu umefutwa

Dada Mkubwa Forest 08:30
Shikamoo Shangazi. Tumesikia.

Mjomba Mafinga 10:05
Shikamoo dada yetu.

Dada Mkubwa Forest 13:12
Jumamosi saa nne bado ipo?

Mama Mdogo Iringa 15:40
Kesho nina harusi ya jirani, mimi ndiye mpishi

Mjomba Mafinga 15:58
Mimi labda Jumapili. Na barua ya mhariri msiisahau.

Dada Mkubwa Forest 18:25
Nimemsomea Baba maneno ya Shangazi. Kakaa kimya mpaka chai ikapoa. Halafu kauliza taipureta iko wapi.

Baba Mdogo Uyole 19:50
Imo humo humo sandukuni. Utepe umekauka.

Dada Mkubwa Forest 19:51
Basi kesho asubuhi nakuja na gari nichukue vyote, na wewe uje nami ukae na Baba. Ile makala tutaamua mkiwa wote wawili. Sawa Baba Mdogo?

Dada Mkubwa Forest 20:30
Baba Mdogo?

Baba Mdogo Uyole 21:44
Huku mvua tangu juzi. Njoo na turubai. Kuja kwangu tutaona. Makambako asije.

Kaka Makambako 21:45
Shikamoo Baba Mdogo. Dada, mchango nimetuma

Dada Mkubwa Forest 21:47
Umetuma kumi.