Mafundi na maduka ya vifaa vya mtandao Tabora, mtatuuzia alumini kwa bei ya shaba mpaka lini?

Wakuu, nina hasira na sitazificha. Hapa Tabora mjini ukitaka kuongeza vifaa vya waya nyumbani, yani vya kuchomeka kebo sio wifi, jiandae kupigwa, maana kuanzia kaunta ya duka mpaka kwa fundi unapewa kitu ambacho hukuomba, afu kikisumbua wote wanakuambia hivyo hivyo: bosi ongeza kifurushi.

Shida yangu ilikuwa ndogo sana. Ruta ya faiba ina poti nne za LAN (matundu ya kuchomeka vifaa vya ndani) na zote zimejaa, TV, desktop, printa na NVR, yani mashine ya kurekodi kamera. Nikataka kupeleka kebo fremu ya mbele hapa Ipuli niweke mashine mbili za stationary, na kebo nyingine iende kamera ya getini. Hapo kinachotakiwa ni swichi. Swichi ya kawaida ya poti nane haina hata settings, unatoa kebo moja kwenye ruta unachomeka poti yoyote, saba zinazobaki ni za vifaa vyako, anwani (namba za IP za kila kifaa) zinaendelea kutolewa na ruta ile ile. Imeisha hiyo.

Fundi kaleta ruta nyingine. Eti hii ni swichi na wifi humo humo. Kaichomeka LAN kwa LAN, DHCP (ile inayogawa anwani) hajazima, na zote mbili zinatumia 192.168.1.1, sasa nyumba moja ina ruta mbili zinagombania kugawa anwani, asubuhi TV inashika desktop haishiki, jioni kinyume chake, kamera hazifunguki kwenye simu, na mama watoto anauliza kwani tumelipia nini. Nampigia anakuja anahamishia kebo kwenye WAN, yani tundu la kuingizia intaneti, anabadilisha namba, intaneti inarudi anadai kamaliza. Kamaliza nini? Mashine za mbele zimekuwa kwenye mtandao wao wa peke yao, ukitafuta printa ya ndani haitokei kwenye orodha, na ukiwa ndani hufungui folda iliyoko mbele. Na kazi yote niliyomuita ilikuwa hiyo.

Jamani ruta kuigeuza swichi inawezekana kabisa, na hamna uchawi: unazima DHCP, unaipa anwani isiyogongana na ruta kubwa, mfano 192.168.1.2, unachomeka LAN kwa LAN, WAN unaiacha wazi. Mtu anayechukua hela za watu kwa kazi hii kwann hajui hilo?

Sasa tuje kwenye kebo, hapa ndo wizi wenyewe ulipo. Duka limeniuzia kwa mita kebo imeandikwa CAT6 ubavuni, na muuzaji kaniambia kwa mdomo wake ni shaba tupu. Kamera ya getini inachukua umeme kwenye kebo hiyo hiyo, PoE. Mchana inafanya kazi vizuri, giza likiingia taa zake za kuonea usiku zikiwaka inazima, inajiwasha, inazima tena. Yani saa ambayo mwizi anakuja ndo saa ambayo kamera haipo. Nikakata kipande nikakwangua uzi mmoja kwa kisu: juu wekundu, ndani mweupe. Alumini iliyopakwa shaba, ndo wanaita CCA. Alumini inazuia umeme kuliko shaba, kwa hiyo mita zikiwa nyingi umeme unafika kwenye kamera umeshapungua, na kebo yenyewe inapata joto. Ukiikunja kunja inakatika, na kwenye vichwa vya RJ45 inalegea baada ya muda. Viwango vya kebo za Cat5e na Cat6 vinataka shaba, kwa hiyo hata kuiita Cat6 ni uongo.

Nimerudi dukani wakanitolea testa, taa moja mpaka nane zinawaka, wananiambia unaona nzima. Testa ile ya taa inaonyesha tu kwamba nyaya zimeunganika na zimepangwa sawa, haijui kama ni shaba au alumini, haipimi spidi, haipimi umeme unaopotea njiani. Na anayeuza anajua! Anakuonyesha taa kwa sababu anajua wateja wengi hawajui.

Swichi niliyokuja kununua mwenyewe nayo walitaka kunipiga. Nimeomba ya gigabit, muuzaji ananipa TL-SF1008D anasema zote sawa. Hazifanani mkuu, hiyo mwisho wake ni Mbps 100 kila poti, ya 1000 ni kama TL-SG108. Kama unahamisha mafaili makubwa ndani kwa ndani utalia, na hapo tena wangesema kifurushi. Kifurushi kinahusiana nini na faili linalotoka mashine hii kwenda ile ndani ya nyumba moja?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Cat5e ya shaba halisi tu ingetosha, inabeba Mbps 1000 mpaka mita 100, nyumba gani ya mtaani kwetu inafika huko. Sikuomba makubwa. Nimeomba waya wa kweli kwa bei niliyoambiwa, na waya wenyewe umeshapita juu ya dari na ndani ya ukuta uliopigwa rangi, kuutoa ni kubomoa.

Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumdanganya mnunuzi kuhusu bidhaa, na FCC (Tume ya Ushindani) wapo kwa ajili ya hayo. Kipande nilichokata ninacho, risiti ninayo, nimepiga na picha za maandishi ya ubavuni. Duka nimewapa mpaka Ijumaa warudishe hela ya kebo yote pamoja na ile iliyoko ukutani, wakikataa naandika barua FCC.

Wadau wa Kanyenye, Isevya, Cheyo, Ng'ambo, mliouziwa hivi kateni kipande mkwangue, wekeni picha hapa. Na anayejua duka lenye kebo ya shaba tupu, iwe Tabora au Nzega, naomba alitaje, nina mita kama sitini za kubadilisha.