Masta ya akiolojia ya karne za viwanda: Mlimani, masafa ya Uingereza, au kwenda hukohuko? Na utafiti, Tanga au Bagamoyo?

Mwalimu_wa_Muheza:
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha historia sekondari, huu mwaka wa sita, niko Muheza. Nataka kusoma masta ila nimechoka na historia ya makaratasi tu. Ninachokitaka ni akiolojia ya karne za karibuni: njia za misafara, mashamba ya mkonge, reli, viwanda. Waingereza wanaiita akiolojia ya baada ya zama za kati na ya viwanda. Nina njia tatu kichwani: masta ya Akiolojia pale Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), masta kwa masafa (chuo cha Leicester, Uingereza, wamefundisha akiolojia kwa masafa miaka mingi), au niombe ufadhili niende mwenyewe. Na utafiti niufanyie wapi, huku kwetu au Bagamoyo? Mliopita njia hizi nisaidieni.

Kandambili:
Mwalimu, na ajira? Utakula vigae?

Shanga_za_Dunda:
Usimsikilize huyo. Mimi natembeza wageni Bagamoyo na nimesoma Mlimani. Akiolojia inafundishwa pale tangu 1985, na nguvu yake inajulikana: zana za mawe, ufuaji chuma wa kale, miji ya Waswahili. Ukienda na swali la karne ya 19 utapata wa kukusimamia. Thomas Biginagwa alichimbua vituo vya misafara bonde la mto Pangani, udaktari akaupatia chuo cha York, Uingereza, mwaka 2012.

Kuhusu mahali, mimi ni wa Bagamoyo kwa hiyo jibu langu unalijua. Misafara ya pembe na watumwa ilimalizikia hapa. Mwili wa Livingstone ulipita hapa 1874. Wajerumani waliufanya mji mkuu wao hadi 1891 walipohamia Dar. Ukichimba shimo la taka la nyumba ya karne ya 19 utakuta sahani za Maastricht, Uholanzi, zenye mhuri wa kiwanda cha Petrus Regout, chupa, shanga. Mkonge una nini zaidi ya majani?

Mjukuu_wa_Manamba:
"Mkonge una nini"! Kaka, hebu tulia nikueleze.

Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida mwaka 1893. Iliyofika Tanga ikiwa hai ni 62. Kutokana na hiyo 62, Tanganyika ikaja kuwa mzalishaji mkubwa wa mkonge kuliko nchi zote duniani, na kilele ni 1964, tani kama 230,000 hivi. Halafu kamba za nailoni zikaingia, bei ikaanguka, mashamba mengi yakataifishwa 1967, na leo kuna korona (viwanda vya kukamua mkonge) zimesimama porini zimeota mibuyu.

Sasa angalia jinsi shamba linavyosomeka bila hata kuchimba. Jani la mkonge likishakatwa halingoji. Likinyauka, singa (nyuzi zake) hazitoki vizuri. Ndiyo maana kila shamba kubwa lilikuwa na reli zake ndogo za matoroli kutoka kwenye vitalu hadi korona. Korona inakula maji mengi ya kuoshea, kwa hiyo utaikuta karibu na mto au bwawa. Kutoka korona singa zinakwenda kwenye nyaya za kuanikia, zinahitaji uwanja mpana wenye jua. Kutoka hapo kwenye mashine za brashi, kisha marobota, kisha stesheni. Ukipotea shambani, fuata tuta la reli ya matoroli, litakufikisha kiwandani hata kama mabati yote yameibwa.

Halafu kambi. Babu yangu aliletwa kama manamba, yaani mtu aliyeandikwa kwa namba. Kipande chake, yaani kadi ya kazi, kilikuwa na siku 30 za kazi za kujaza ndipo alipwe. Nyumba ya meneja iko juu kilimani kwenye upepo, kambi ziko chini karibu na mbu na moshi. Hilo hakuna aliyeliandika kwenye barua za kampuni, lakini limeandikwa ardhini. Na wazee wanaojua nani alilala wapi wanaondoka mmojammoja. Sahani za Bagamoyo zitakusubiri udongoni, mwalimu. Wazee hawatasubiri.

Shanga_za_Dunda:
Hapo kwenye wazee umenikamata. Ila "mibuyu kwenye korona" umetia chumvi.

Mjukuu_wa_Manamba:
Mbuyu mmoja. Mdogo.

Bint_Chumbageni:
Mwalimu, mimi nimesoma kwa masafa, chuo cha Uingereza, nikiwa nafanya kazi Tanga. Nikwambie ukweli wa pande zote.

Kizuri: maktaba. Vitabu na majarida ambayo hapa ungevitafuta mwaka mzima unavifungua usiku kitandani. Na wenzetu wana mbinu za kusoma vitu vya juzi. Mfano chupa: mstari wa muungano wa kalibu (umbo la kumiminia kioo) ukipanda hadi mdomoni kabisa, hiyo kwa kawaida ni chupa ya mashine, na mara nyingi ni ya baada ya mashine ya chupa ya Owens ya 1903. Ukiishia shingoni, mdomo uliumbwa kwa mkono. Sahani ikiandikwa "Made in Germany", jua ni kuanzia 1887, kwa sababu sheria ya Uingereza ya mwaka huo ndiyo iliyolazimisha bidhaa za nje zitajwe zilikotoka. Tangu nijue haya siwezi kupita jalalani bila kuinama. Mume wangu ameshazoea.

Kibaya: mifano yote ni ya kwao. Utasoma Coalbrookdale, kijiji cha viwanda huko Uingereza, jinsi Abraham Darby alivyoyeyusha chuma kwa makaa ya koki 1709, daraja la chuma la 1779, mifereji, viwanda vya pamba. Vizuri sana. Lakini kuchimba hufundishwi kwa kompyuta, mikono yako inabaki misafi. Na lile jina lenyewe ni nguo iliyoshonewa mtu mwingine. "Baada ya zama za kati" kwao ni kama 1500 hadi 1750, kisha viwanda. Sisi hizo zama za kati hatukuwa nazo. Pwani hii mistari ni mingine: Wareno 1498, Fort Jesus kuanguka kwa Waomani 1698, misafara, Wajerumani, mkonge. Kila insha nilianza kwa kubishana na kichwa cha kozi.

Ada pia ni mlima. Kuna ufadhili wa Jumuiya ya Madola kwa wanaosoma kwa masafa, ulizia huo kabla hujauza kiwanja.

Mwalimu_wa_Muheza:
Dada, na kwenda mwenyewe? Ule ufadhili wa serikali ya Uingereza, Chevening?

Bint_Chumbageni:
Chevening wanataka uzoefu wa kazi wa saa 2,800, kama miaka miwili, hilo unalo. Ukimaliza unarudi nyumbani miaka miwili. Shida ni kwamba masta yao ni mwaka mmoja. Mwaka mmoja, baridi, na korona yako iko huku. Utafiti wako utaufanya lini?

Kibali_Kwanza:
Mnazungumza kama nchi haina sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyorekebishwa 1979, inalinda vitu na majengo ya kabla ya mwaka 1863. Chukueni kalamu mpige hesabu. Reli ya Tanga ilianza kujengwa 1893: imekosa kwa miaka 30. Misheni ya Bagamoyo ilianzishwa 1868: imekosa kwa miaka mitano. Mkonge ndio usiseme. Vya baadaye vinalindwa Waziri akivitangaza, visipotangazwa ni mali ya mwenye shamba au ya mwenye mizani ya vyuma chakavu.

Kwa hiyo mwalimu, kuchimba kokote ni lazima uwe na kibali cha Mambo ya Kale. Lakini kupima jengo, kuchora, kupiga picha na kuhoji wazee unahitaji ridhaa ya mwenye eneo na barua ya chuo. Ukiwa mwanafunzi wa hapa, barua hizo zina njia iliyozoeleka. Ukiwa wa masafa, utaanza kumweleza mtendaji wa kijiji Leicester ni nini.

Na wewe Kandambili uliyeuliza ajira: bomba la mafuta la kutoka Hoima hadi Chongoleani, kilomita 1,443, unadhani nani alipita kuangalia makaburi na mabaki ya kale njiani?

Kandambili:
Nimekaa kimya.

Mzee_Taruma:
Nimeusoma uzi wote. Nilifanya kazi reli hadi nikastaafu. Reli ilitoka Tanga, ikafika Muheza 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905, Moshi 1911. Kulikuwa na kitawi cha kutoka Tengeni kwenda Sigi, upana wa sentimita 75, kwa ajili ya mbao za Usambara. Vijana wengi hapo Muheza hawajui kama kilikuwepo.

Kinachoniuma ni mataruma ya chuma. Usiku yanang'olewa, asubuhi yako kwenye mizani. Kuna mzigo niliuona kwa macho yangu, chuma cha Mjerumani, kimekatwa vipande kwa gesi. Nikauliza, nikaambiwa mzee nenda kapumzike.

Mwalimu, kila reli ubavuni ina herufi zilizoinuka: kiwanda kilichoifua na mwaka. Reli kuukuu zilihamishwa sana, utazikuta ni nguzo za uzio, ni boriti ya choo cha shule. Ukizisoma moja baada ya nyingine, utajua njia ipi ilitandikwa upya lini.

Mwalimu_wa_Muheza:
Shikamoo mzee. Hili la boriti ya choo limenishtua, nadhani hata shuleni kwetu ipo.

Mzee_Taruma:
Marahaba mwanangu. Ipo sana.

Shanga_za_Dunda:
Mimi nakubali kushindwa, lakini kwa sharti. Vile vituo vya misafara alivyochimbua Biginagwa, kimoja ni Ngombezi, hapo Korogwe. Ngombezi hiyohiyo ina shamba la mkonge. Njia ya misafara, reli na mkonge vyote vilifuata bonde moja kwa sababu moja: maji, na milima upande mmoja. Kwa nini uchague kati ya misafara na viwanda wakati kuna mahali vimelaliana? Jisajili Mlimani, utafiti ufanyie Ngombezi, vitabu vya Uingereza utaazimwa na dada wa Chumbageni. Bagamoyo njoo kula pweza tu.

Bint_Chumbageni:
Vitabu nitakupa. Majalala nitakuonyesha.

Mwalimu_wa_Muheza:
Basi fomu za Mlimani naanza kuzitafuta. Ngombezi nitakwenda kwanza kwa macho tu, bila jembe, Kibali_Kwanza usinikamate. Mzee Taruma, hizo herufi zikiwa na kutu zinasomekaje?

Mzee_Taruma:
Usikwangue kwa msasa, utazimaliza. Piga brashi kavu, kisha laza chaki kwa ubavu uisugue juu yake. Chaki itashika palipoinuka tu. Nenda asubuhi, jua likiwa chini upande mmoja.

Mwalimu_wa_Muheza:
Chaki ninazo boksi zima. Jumamosi naanza na choo cha shule.