Miritini hadi Mji wa Kale, kisha Diani, na mama asiyeweza kusimama sana: tupite wapi?

MwanaNakuru

Hamjambo wenzangu. Mwezi ujao nateremka Mombasa na mama kwa treni ya saa tisa alasiri kutoka Nairobi. Ana miaka sabini na kitu, goti lamsumbua, foleni ya zaidi ya dakika kumi haiwezi. Tuna sanduku moja kubwa na begi mbili. Tutalala Mji wa Kale upande wa Kibokoni siku tatu, halafu Diani siku mbili, kisha turudi na treni ya saa tisa vilevile. Mombasa hatuijui kabisa. Tukifika usiku tuchukue matatu, tuktuk au teksi? Na Diani, ni lazima tupande feri?

Bin Makupa

Treni hiyo huingia Miritini, ndiyo stesheni ya Mombasa, kama saa mbili usiku, na zaidi ya abiria elfu moja huteremka kwa mpigo. Kila mmoja anashika simu kuita gari, kwa hivyo bei kwenye programu za teksi zapanda palepale. Dereva anakubali, kisha anakupigia: "Waenda wapi? Utalipa ngapi keshi?" Ukisikia hivyo katisha uite mwingine, au mpatane kabisa kabla sanduku halijaingia kwenye buti. Baada ya buti kufungwa huna tena nguvu ya kuongea bei. La maana zaidi ni kutokuwa na haraka: mtafutie mama mahali pa kukaa, subiri dakika ishirini hivi umati upungue, ndipo uite. Linganisha namba ya gari na iliyo kwenye simu, maana wapo watakaokuita kwa jina la "mteja wangu" hata kabla hujafungua programu.

Matatu za mjini zipo na ni rahisi, ila ni za abiria kumi na wanne na hazina pa kuweka mizigo. Sanduku lako litakalia kiti na makanga atalitoza nauli kama mtu. Isitoshe hazifiki Kibokoni, zinakuacha mjini na itabidi utafute tuktuk. Kijana mwenye begi la mgongoni apande, ila si kwa mama.

Njia ni Changamwe, Makupa, Sabasaba, Mwembe Tayari, kisha Digo Road. Kikwazo ni malori ya makontena ya bandarini kati ya Miritini na Makupa. Lori moja likiharibika hapo, usiku au mchana, mtakaa.

Bi Kuze

Bin Makupa kasema kweli, ila kamwacha mgeni nje ya mlango. Vichochoro vya Kibokoni gari haliingii. Dereva atasimama karibu na Ngome (Fort Jesus) aseme "tumefika", na wewe bado una mwendo wa kuburuta sanduku juu ya mawe pamoja na mgonjwa wa goti. Mpigie mwenye nyumba kabla hamjatoka Nairobi, umuulize mambo mawili: gari linaweza kufika wapi, na jirani yake ni msikiti gani au duka gani. Majina ya barabara huku hayakusaidii sana, watu huelekezana kwa misikiti. Ukisema "nyuma ya Mandhry" hata mtoto atakupeleka. Ramani ya simu usiitegemee, kuta ni ndefu na zimebanana, ile alama ya bluu yaruka kutoka uchochoro huu hadi ule. Na usiku mwambie mwenye nyumba aje awapokee pale gari linaposimama, si aibu kuomba.

Mchana, chombo chenu ni tuktuk. Sakafu yake iko chini, mama atakaa kwanza kisha aingize miguu, tofauti na matatu ambayo lazima upande huku umejikunja. Nyuma hukaa watu watatu, mzigo mdogo huingia nyuma ya kiti. Sema mapema kama wakodi au wabebwa na wengine, kwa kuwa bei ni mbili tofauti kabisa na ugomvi wote wa wageni huanzia hapo. Nauli ya haki muulize muuza duka kabla ya kumwendea dereva. Beba noti za hamsini na mia. Ukitoa elfu moja asubuhi, chenji itakuwa hadithi.

Ijumaa adhuhuri msipange safari yoyote ndani ya Mji wa Kale. Watu huswali hadi barabarani na tuktuk hazipiti.

Mvukaji wa Likoni

Kuhusu Diani. Feri ni bure kwa anayevuka kwa miguu, na maji yenyewe mnayavuka kwa dakika chache tu. Kazi iko nchi kavu. Mtasubiri bandani pamoja na mamia ya watu, mageti yakifunguliwa wote wanateremka kwa kasi, na anayetembea polepole husukumwa. Asubuhi umati hutoka Likoni, ng'ambo ya feri, kuja mjini, jioni hugeuka, kwa hivyo nyinyi mkivuka saa tatu asubuhi mtakuwa kinyume nao. Hilo ni afueni. Lakini kuna meli: njia ile ndiyo mlango wa bandari ya Kilindini, meli ikiingia au ikitoka feri husimama kuipisha, na hapo dakika kumi za mama zimekwisha.

Tena kuna maji. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, na siku hizo maji hupwa sana mnamo saa nne, saa tano asubuhi. Maji yakipwa, feri hukaa chini na gati huwa mlima. Hata mwenye magoti mazima hupumua. Siku za maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, mteremko si mkali hivyo. Ng'ambo nako mtapanda tena hadi kwenye matatu za Ukunda, kama kilomita thelathini, mshuke kwenye njia panda ya Diani na mchukue tuktuk hadi ufukweni.

Ningekuwa ndiye mpangaji, mama ningempeleka kwa gari kupitia barabara ya Dongo Kundu. Inatokea upande wa Miritini, inapita juu ya madaraja ya Mwache na Mteza, na inaingia barabara ya Lungalunga bila kugusa feri. Ni mzunguko na ni ghali kuliko kuvuka, lakini mama hatasimama hata mara moja. Mtajie dereva Dongo Kundu wakati wa kupatana bei. Usipotaja, wengine watakupeleka foleni ya magari ya feri.

MwanaNakuru

Ahsanteni sana, Dongo Kundu imeshinda. Na siku ya kurudi, tutoke Diani saa ngapi?

Bin Makupa

Saa tano asubuhi, msipitishe. Mkifika mapema mtakaa, mkichelewa treni haiwangoji. Lengeni kuwa Miritini saa saba na nusu, kwa sababu kabla ya kuingia kuna ukaguzi: mizigo hupangwa chini kwa mstari ili mbwa wainuse na wenyewe husimama kando, kisha ndiyo mashine ya kukagua mizigo. Mwambie askari mapema kuhusu goti, usingoje mama achoke.

Tikiti kata kwa *639# na ulipe kwa M-Pesa, kisha uichapishe kwenye mashine za stesheni. Kitambulisho lazima, na jina lilingane. Wikendi na likizo za shule viti huisha mapema, na walanguzi wa tikiti uwapite tu. Tangu 2024 daraja la kawaida ni shilingi 1,500 na la kwanza 4,500. Tofauti ni kubwa, lakini kwenye la kawaida viti hutazamana na magoti hugusana na ya abiria wa mbele safari nzima. Kama mfuko hauruhusu wote wawili, mkatie mama peke yake la kwanza na wewe ukae la kawaida. Visu haviruhusiwi ndani, hata cha kukatia embe.