Huduma ikifungwa, picha na maandishi yetu ni ya nani?

Kalamu Kavu: Wakuu, tujadili kwa utulivu. Mtu anaandika na kupakia picha miaka kumi kwenye huduma moja, kisha siku moja anapokea barua pepe: tunafunga mwisho wa mwezi, asanteni kwa kuwa nasi. Mimi nataka sheria. Asifunge mtu kabla ya kuwapa watumiaji mwaka mzima wa kupakua vitu vyao, tena kwa faili linalofunguka kwingine. GeoCities, ile huduma ya watu kujitengenezea kurasa zao mtandaoni, ilipozimwa, watu wa kujitolea ndio waliokimbizana na muda kunakili kurasa.

Pangu Pakavu: Ulilipa kiasi gani? Cha bure hakidaiwi. Na wanaolia hivi ndio hao hao wenye vizuia matangazo. Unakula jasho la mtu halafu unadai na haki!

Bi Shughuli: Hapo kwenye vizuia matangazo umenigusa. Ninavyo, tena viwili. Habari yenyewe aya nne. Juu video inajicheza kwa kelele, chini dirisha la kuomba ridhaa ya vidakuzi, vile vifaili vya kukufuatilia, na kialama cha kufungia kidogo kama chawa. Ukikikosa, umeshafika kwenye kamari. Mwizi nani?

Pangu Pakavu: Wewe, dada. Hukulazimishwa kuingia.

Bi Shughuli: Dada yako nani? Nina wajukuu mimi.

Pangu Pakavu: Shikamoo, bibi. Ila wizi ni wizi.

Bi Shughuli: Marahaba. Na ujinga nao ni ujinga.

Kisogo: 😂😂 Endeleeni, nimevuta kiti. Hivi Myspace, ule mtandao wa kijamii wa zamani, si ndiyo walipoteza nyimbo za watu? Kama 2015 hivi.

Nukta Mbili: Walikiri 2019, mkuu. Walikuwa wanahamisha seva, na vilivyopakiwa zaidi ya miaka mitatu nyuma vikapotea. Hao wanamuziki hawakulipa pesa, sawa, lakini wageni waliofuata nyimbo zao ndio walioipa Myspace matangazo. Nani alikula jasho la nani?

Pangu Pakavu: Bibi anatukana, mnamchekea. Ningesema mimi ingekuwa kesi.

Kalamu Kavu: Turudi kwenye mada jamani. Suala la kulipa nalo halitoshi. Microsoft ilifunga duka lake la vitabu vya kielektroniki 2019. Watu walikuwa wamenunua, na vitabu vikaacha kufunguka.

Pangu Pakavu: Si walirudishiwa pesa?

Kalamu Kavu: Walirudishiwa. Kitabu je? Mtu aingie kwako, achukue kitabu rafuni, akuachie noti mezani, useme mmemalizana?

Kisogo: Inategemea kitabu 😂

Nukta Mbili: Ulaya tangu 2018 ipo GDPR, sheria ya kulinda data za watu. Kifungu cha 20 kinakupa haki ya kudai data uliyoipa huduma, kwa muundo ambao kompyuta nyingine inausoma. Unachotaka Kalamu nusu yake kipo tayari.

Bi Shughuli: Ndiyo hiyo iliyotuletea madirisha ya vidakuzi!

Nukta Mbili: Hapana, mama. Yale chanzo chake ni agizo jingine la Ulaya, lililorekebishwa 2009. GDPR ilikaza tu masharti ya ridhaa.

Bi Shughuli: Basi wote wawili walaaniwe. Kitufe cha "Kubali" kinang'aa kijani, cha "Kataa" kimefichwa kurasa tatu ndani kwa maandishi ya kijivu. Aliyebuni hilo alijua anachofanya.

Pangu Pakavu: Hapo nakubaliana na bibi, kwa leo tu.

Kalamu Kavu: Na mwaka mmoja wa kupakua je? Mnaunga mkono au hamuungi?

Kisogo: Bi Shughuli, hicho kizuizi cha pili ni kipi? Changu kinazuia picha, video zinapita kama kawaida.

Bi Shughuli: Unatumia kivinjari gani, mwanangu?