Mtu anafuta mafuta ya kuku kwenye ukuta wa kanisa la miaka 900!

Wakuu, naandika hata viatu sijavua. Mke wangu ananiambia nikaoge kwanza, nimekataa. Siogi mpaka niseme.

Yule bwana mnamjua, simtaji. Kila msiba yupo, kila harusi yupo, kila mchango daftari analo yeye. Safari ya leo nilipendekeza mimi twende Wharram Percy, huku Yorkshire, Uingereza, gari akapanga yeye. Nilijua nimekosea tangu pale alipopakia mkaa.

Kwa msiopajua: ni kijiji kilichokufa. Tauni ya 1348 na 1349 ilipunguza watu, halafu kufikia mwanzoni mwa karne ya 16 wenye ardhi wakawa wameshaziondoa familia za mwisho ili wafuge kondoo. Nyumba zote za kijiji kile zimebaki matuta ya nyasi. Kilichosimama cha enzi zile ni kanisa la Mtakatifu Martin peke yake, paa hamna, mnara nusu yake ulidondoka 1959, ukiutazama ni kama boflo lililokatwa kisu katikati. Nenda ukaangalie kuta zake. Utaona matao yamezibwa kwa mawe. Watu walivyopungua walibomoa sehemu za pembeni wakaziba yale matao, kanisa likasinyaa likawatosha waliobaki. Kijiji kizima kinasomeka ukutani pale.

Sasa mimi nimeinama nawaonyesha watoto tao moja, nasikia harufu ya mkaa. Nageuka. Bwana ametandaza jiko NDANI YA KANISA, yale majiko ya trei ya kutumia mara moja, nyasi chini zinaungua, mapaja ya kuku yanachuruzika mafuta utadhani bomba limepasuka. Nikamwambia kwa adabu zote, "Kaka, hapa ni kanisa, na panalindwa kwa sheria." Akang'ata paja. Akatafuna taratibu huku ananiangalia. Akameza. Halafu akafuta mikono.

KWENYE JIWE.

Si kidole kimoja. Vidole vyote kumi, viganja, akageuza na migongo ya mikono, kama mtu anajikausha kwa taulo bafuni kwake. Ndipo akasema mbele ya watoto, "Hili gofu tu bwana, hata paa halina." Na watoto wakacheka. Wa kwangu mmoja alicheka.

Nilichukua tishu na maji ya kunywa nikasugua. Doa likatanuka. Vidole vinne na gumba vinaonekana kabisa, vinang'aa, jiwe limeshakunywa mafuta. Mwashi wa karne ya 12 kachonga kwa mkono, huyu kafutia kuku!

Babu yangu alihamishwa na Operesheni Vijiji, 1974. Kanisa lao la udongo likabaki porini pamoja na makaburi, na kila Pasaka bibi alibeba panga akatembea nusu siku kwenda kufyeka. Hata Wharram ni hivyo hivyo. Kijiji kilishakufa, lakini watu wa kijiji jirani cha Thixendale waliendelea kutembea mpaka pale kusali, hadi walipojengewa kanisa lao 1870. Ibada ya mwisho ilikuwa 1949. Mtu anatembea mabondeni na mvua ile kwa ajili ya kanisa lisilo na kijiji, halafu wewe unafuta mikono. Kwenye jiwe!

Kahawa Chungu: Nimechukua siti ya mbele. Endelea mkuu.

Fundi Kobazi: Picha ya doa iko wapi? Bila picha hii ni chai.

Mama Wawili Leeds: Nilikuwepo. Ni kweli kafuta. Ila na kuku mwenyewe alikuwa mbichi ndani, hilo mbona hulisemi?

Mkwezi: Mleta mada punguza jazba. Ukuta umehimili mvua za Uingereza miaka 900, utakufa kwa paja la kuku?

Mleta mada: Usitanie Mkwezi. Umefika leo kwa sababu kuna watu wameuhangaikia. Wachimbaji wa mambo ya kale walirudi pale kila kiangazi kuanzia 1950 hadi 1990, miaka arobaini, wanapiga magoti kwenye tope. Na kuharibu mahali kama pale ni kosa la jinai kwa sheria ya 1979. Alifuta mikono miwili, nasema.

Kahawa Chungu: Kumbe ndo kule walikokuta mifupa ya watu imechomwa moto na ina alama za visu? Utafiti ulitoka 2017, wakasema huenda wanakijiji walihofia wafu wataamka. Bwana wa kuku alale na taa inawaka.

Mzaramo Halisi: Nyinyi mnalilia makanisa ya Wazungu. Nendeni Kunduchi, yale makaburi ya minara yalijengewa vibakuli vya Kichina, wezi wamebandua, zimebaki tundu tu. Nani alifungua uzi?

Binti Bagamoyo: Asante! Kaole nimemwona bwana harusi amepanda juu ya kaburi na viatu vyake vyeupe, anapigwa picha. Msikiti wa karne ya 13 uko pembeni. Nilimfokea, mpambe wake akaniuliza, "Ni babu yako?"

Mkwezi: Sheria ya Mambo ya Kale tunayo tangu 1964. Ipo kabatini.

Mzaramo Halisi: Sasa Binti, ungemsukuma tu.

Mleta mada: Jamani tuko kwenye jiwe. Vidole kumi.

Mama Wawili Leeds: Tukiwa hapa hapa, pauni 20 za gari tulitoa watu kumi na wanne, gari la watu tisa. Daftari linasemaje?

Fundi Kobazi: Eeh! Na mimi nilikaa kwenye ndoo.

Kahawa Chungu: Watu kumi na wanne mara ishirini ni 280. Gari lile halizidi 120.

Mama Wawili Leeds: Mia na sitini ziko wapi?

Fundi Kobazi: Fungueni uzi mpya, huu umejaa makaburi.