Nimepewa shule, stafu nimeikuta imegawanyika vipande viwili. Walimu wenzangu naanzia wapi?

Mwl_KandaYaZiwa
Habari za jioni wadau, poleni na majukumu. Nimeteuliwa kuwa mwalimu mkuu shule moja ya msingi ya serikali huku kijijini Kanda ya Ziwa, watoto wamevuka elfu moja na walimu tupo 13 ukijumlisha na wawili wanaojitolea. Mambo ya madawati na vyoo nitahangaika nayo na kamati ya shule, kinachoninyima usingizi ni watu. Ofisi ya walimu ina pande mbili, wakongwe wanakaa dirishani na vijana wa ajira mpya wanakaa karibu na mlango, hawagombani ila hawaongei, mmoja akifiwa upande wa pili wanatuma rambirambi kwa simu basi, msibani hawaendi. Chai ya saa 4 ilishakufa siku nyingi, kila mtu ananunua maandazi yake kwa mama pale getini anakula amesimama.

Halafu kuna mwalimu wa darasa la kwanza ana watoto 142 peke yake. Juzi nimepita dirishani watoto wanaimba a e i o u wenyewe, yeye ameegemea ubao amefumba macho. Sikuingia. Na sio mvivu, madaftari yake nimeyapitia yamesahihishwa mpaka la mwisho, amechoka tu yule mama.

Mkuu mwenzangu kata jirani ananiambia nichinje mbuzi tule na stafu yote mambo yataisha. Elimu kata yeye anataka kusikia habari za upimaji wa darasa la nne tu. Naombeni mawazo kwa mliopitia, hela sina, ruzuku yenyewe mnaijua.

ChakiNyeupe
Hongera kwa uteuzi mkuu, na hongera zaidi kwa kutoingia mle darasani siku ile.

Mimi ni mwalimu wa kawaida sijawahi kushika madaraka yoyote kwa hiyo naongea kama wa upande wa chini. Mbuzi tutamla na kesho tutarudi kwenye pande zetu. Kinachogawanya walimu mara nyingi ni ratiba na zamu. Chukua ratiba kuu ukae nayo peke yako usiku mmoja, hesabu nani ana vipindi vingapi kwa wiki, nani kapewa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) madarasa ya chini yenye watoto kibao na nani ana la saba lenye watoto 60, nani anaangukiwa na zamu wiki ya mitihani kila muhula. Utakuta mambo humo ndani. Shule niliyopo kuna kipindi walimu wawili walikuwa na vipindi 14 kwa wiki na wengine 30 na kitu, na wote tunajua sababu ni ukaribu na ofisi, sasa hapo hata ukinipa soda nitainywa huku roho inaniuma. Mkuu aliyekuja baadae alibandika ratiba ukutani, jina na idadi ya vipindi mbele yake, akasema anayeona kaonewa aje tupange upya. Hakuhubiri umoja hata siku moja ila watu walianza kupokezana vipindi bila kuambiwa.

Cha pili kitabu cha mahudhurio. Ule mstari mwekundu wa saa 1 na nusu unaumiza sana watu kuliko mnavyodhani nyie wakuu. Mtu kaamka saa 10 alfajiri, kaacha mtoto mgonjwa, boda imepata pancha njiani, anafika saa 1 na dakika 35 anakuta mstari umeshapigwa na jina lake linasainiwa chini ya wekundu kama mhalifu, na siku hiyo hataongea na mtu mpaka jioni. Sisemi uache watu wachelewe, nasema muulize kwanza kimemkuta nini ndio upige mstari.

Na la mwisho, tafadhali sana, usimseme mwalimu kwa jina kwenye grupu la WhatsApp la shule. Hasa saa 4 usiku. Mtu anasoma ile meseji yuko kitandani na mume wake pembeni. Mwite ofisini asubuhi mfunge mlango muongee.

Kijana_wa_Ajira_Mpya
Mkuu mimi niko upande wa karibu na mlango hahaha (sio shule yako lakini). Naomba niseme jambo moja, tusichangishwe. Kila mkuu anayetaka kuleta umoja anakuja na mchango, chai elfu 10 kwa mwezi, sare ya stafu, harusi ya mtoto wa nani, msiba, kuaga anayestaafu. Mimi mshahara ukiingia umeshakatwa bodi ya mikopo asilimia 15, chama cha walimu asilimia 2, bima, mfuko wa pensheni, halafu kodi ya chumba na boda kila siku, kinachobaki natuma nyumbani. Nikishindwa kuchanga naonekana najitenga. Vijana wengi wanakaa pembeni kwa sababu hiyo, hatuna dharau na mtu.

MamaKashata
@Kijana_wa_Ajira_Mpya nakuelewa mwanangu lakini chai usiitupe. Sisi huku Tanga tulianza na uji, kila mmoja analeta alichonacho, mwenye shamba analeta mahindi, mwingine sukari robo, asiye na kitu anakunywa na hakuna daftari la majina. Hilo la daftari ndo lilikuwa linaharibu, mtu akiona jina lake na sifuri mbele anakimbia ofisi. Saa 4 mkikaa meza moja hata dakika 15 mtajua nani leo kanyamaza.

Mstaafu_wa_Kata
Nimekuwa mwalimu, mwalimu mkuu na mratibu wa kata mpaka nimestaafu, niongeze kidogo.

Kijana wangu mwalimu mkuu, kaa na kila mwalimu mmoja mmoja kabla ya kikao chochote cha stafu. Chukua daftari lako dogo la pembeni muulize mambo ya utumishi wake, umepanda daraja lini, nauli ya likizo ulilipwa mara ya mwisho lini, una madai ya uhamisho, una malimbikizo. Utashangaa. Kuna walimu upandishaji ulivyosimama 2016 kupisha uhakiki wa watumishi waliachwa na wenzao walioajiriwa nyuma yao wakawakuta hapo hapo, mserereko ukaja, ule wa kuwarusha madaraja waliocheleweshwa, wengine ukawagusa wengine haukuwagusa, na mpaka leo wana kinyongo ambacho hakikuanzia shuleni kwako. Unafikiri wale wakongwe wa dirishani wanawachukia vijana? Wengine wanaumia kukaa meza moja na mtoto waliyemfundisha la tatu halafu wanalingana mshahara.

Madaraja huwezi kupandisha wewe, hilo waambie wazi usije ukaahidi. Ila unaweza kubeba karatasi zao ukienda halmashauri, umuone afisa utumishi, urudi na jibu, hata kama jibu ni bado. Mwalimu wa kijijini kwenda wilayani kufuatilia jambo lake ni siku nzima na nauli, na siku hiyo darasa halina mtu. Nilikuwa nabeba bahasha za watu watano sita kwa safari moja. Walimu walinipenda kwa bahasha kuliko kwa hotuba zangu zote.

Muulize na mwenye mtoto mchanga. Likizo ya uzazi siku 84 wanaijua wote, lakini sheria ya ajira ya 2004 imempa pia anayenyonyesha muda usiozidi masaa mawili kwa siku ndani ya muda wa kazi akanyonyeshe, na wengi wanaona aibu kuomba kwa sababu wataambiwa wanatega. Usisubiri aombe. Mpangie vipindi vya asubuhi kisha aende.

Halafu mikopo. Mwalimu ambaye kadi yake ya benki iko kwa mkopeshaji huyo wa kausha damu utamjua, tarehe za mshahara wenzake wanachangamka yeye ananuna. Usimseme wala usimhoji mbele ya watu, na ukishaambiwa siri yake ufe nayo. Siku neno moja likivuja kutoka ofisini kwako hakuna mwalimu atakayekaa tena kwenye kile kiti.

ChakiNyeupe
@Mstaafu_wa_Kata shikamoo mzee. Hilo la siri limenigusa sana, yupo mwenzetu alifiwa na mtoto, akamweleza mkuu kwamba usiku halali, wiki ile ile tukasikia mpaka kwa wazazi kijijini. Aliomba uhamisho.

Mwl_KandaYaZiwa
Shikamoo mzee, na asanteni wote, nimeandika karibu kila kitu. Ratiba nimeshaanza kuihesabu, @ChakiNyeupe ulichosema ni kweli tupu, wapo wenye vipindi 12 na yule mama wa la kwanza hata hesabu yake haina maana maana yuko na watoto kutwa nzima. Nina maswali mawili. Wakongwe na vijana nawakutanishaje bila kuonekana nawalazimisha? Na huyu mama wa watoto 142 nifanyeje, chumba ni kimoja na mwalimu wa kuongeza sina.

Mwl_Vishikwambi
Swali la kwanza nalijibu mimi. Tumia MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini kwenye jumuiya ya kujifunza ya shule, ambayo wengi tunayajaza kwenye karatasi tu. Wakongwe wengi wanateswa na PEPMIS, ule mfumo wa mtandaoni wa kupima utendaji wa watumishi, na kile kishikwambi tulichogawiwa baada ya sensa ya 2022, wanamlipa kijana wa stationeri mjini awajazie majukumu yao. Vijana nao wanapewa darasa la kwanza hawajui uanzie wapi kumfundisha mtoto silabi wakati hajashika hata penseli vizuri. Panga wawili wawili, mkongwe mmoja na kijana mmoja, kijana amwelekeze mwenzie PEPMIS na mkongwe aingie na mwenzie darasani kumuonyesha KKK. Sisi tulifanya hivyo Ijumaa mchana, mwalimu mmoja wa zamani sana alitengeneza kadi za silabi kwa maboksi ya sabuni mbele ya vijana watatu, wakabaki wanamuuliza maswali mpaka saa 11 jioni. Na mtaala huu mpya ulioanza 2024 na la kwanza na la tatu ni mgeni kwa wote, hakuna wa kujifanya anajua, hapo ndio pazuri pa kuanzia.

Mstaafu_wa_Kata
Huyo mama, wagawe watoto wake waingie kwa awamu, 71 asubuhi na 71 baada ya saa 4 na nusu, na awamu ya pili aishike mwalimu mwingine, asiwe yeye tena maana utakuwa umemuongezea siku. Mchukue mmoja wa hao wenye vipindi 12, mkongwe anayeijua KKK, na hao wanaojitolea wamsaidie kusahihisha madaftari. Kabla hujagusa chochote piga kikao na wazazi wa la kwanza na mwenyekiti wa kijiji awepo, mtoto wa miaka 6 kurudi nyumbani saa 4 anahitaji mtu wa kumpokea. Mjulishe na elimu kata kwa maandishi.

Na mama mwenyewe umwambie kabla ya kikao. Asikie kwako kwanza.

Mwl_KandaYaZiwa
Nimekupata mzee. Jumatatu naanza na yeye kabla ya kengele, halafu huyo wa vipindi 12. Huyo wa pili ndio atakuwa mgumu, ni wa dirishani na ana ushawishi. Mwenye uzoefu wa kuongea na mtu wa namna hiyo bila kumvunjia heshima aje PM tafadhali.