The Time Tunnel au Quantum Leap, ipi kali? Waliozitazama zote mje hapa

mpingo_mweusi:
Wadau habari za jioni. Mwezi mzima huu nimekuwa nakesha na sirizi mbili za zamani za Kimarekani za kusafiri kwenye wakati, The Time Tunnel na Quantum Leap, nimezimaliza zote jana usiku na kichwa hakijatulia bado.

Kwa ambao hawajaziona, Time Tunnel ni ya Irwin Allen, ilionyeshwa kituo cha ABC kuanzia Septemba 1966 hadi Aprili 1967, sizoni moja tu episodi 30. Kuna mradi wa siri chini ya jangwa la Arizona, seneta anakuja kukagua anasema hela zimeliwa nyingi na hakuna kinachoonekana, basi kijana Tony Newman anaingia kwenye handaki mwenyewe bila ruhusa kuonyesha kwamba mashine inafanya kazi, anaangukia kwenye sitaha ya Titanic 1912. Mwenzake Doug Phillips anamfuata, na kuanzia hapo wanarushwa tu huku na huku, kurudi nyumbani hawawezi.

Quantum Leap ilianza 1989 kituo cha NBC ikaisha 1993. Mwanasayansi Dr. Sam Beckett anarushwa kwenye wakati, na kila akitua anachukua nafasi ya mtu mwingine, watu wote wanamwona kama yule mtu, hata akijitazama kwenye kioo anaiona sura ya yule. Halafu haendi popote anapotaka, mwisho wake ni ndani ya miaka ya uhai wake, na yeye kazaliwa 1953.

Mi nasema Quantum Leap ndio kali na sibadilishi. Kwenye handaki unajua kabisa meli itazama, volkano italipuka, Tony apige kelele asipige ni yaleyale. Sam anapelekwa kwa watu ambao hakuna kitabu kilichowaandika. Ile episodi ya Alabama 1955, anaingia kwenye mgahawa anavuta kiti anakaa, watu wote kimya wanamkodolea macho, kumbe yuko ndani ya mzee mweusi dereva na pale weusi hawaruhusiwi kukaa. Hajahutubiwa na mtu, amekaa tu kwenye kiti na wewe mtazamaji umeshaelewa kila kitu.

fundi_redio:
Mkuu umeionea Time Tunnel. Umeangalia vizuri ile ya Pearl Harbor, kambi ya Wamarekani iliyoshambuliwa na Wajapani? Tony alikuwa mtoto pale, baba yake ni afisa wa jeshi la maji na alipotea siku ile ya 7 Desemba 1941. Sasa Tony mtu mzima anatua siku moja kabla, anakutana na baba yake uso kwa uso, anajiona na yeye mwenyewe akiwa kitoto, halafu anajaribu kumwambia mzee kesho ndege zinakuja na mzee anamwona kichaa. Unasema historia haibadiliki ndio kasoro, mi naona pale ndio utamu wenyewe, mtu anajua, anasema, haaminiwi!

Na ile seti jamani, zile duara nyeusi na nyeupe zinazoingia ndani kwa ndani, hadi leo hakuna mashine ya wakati nzuri kama ile. Walipata Emmy, tuzo ya tivii ya Marekani, kwa picha za ujanja. Muziki wa mwanzo ni wa John Williams huyuhuyu aliyekuja kufanya Star Wars.

binti_wa_mikindani:
Pearl Harbor nakubali, lakini tusifiche na mengine. Wapigane Troy, waende Ufaransa, kila mtu anaongea Kiingereza kimenyooka. Vita vikubwa vingi vile ni vipande vya filamu za zamani za studio ileile vimechomekwa, unaona kabisa rangi imebadilika ghafla. Mwishoni wakaanza kuleta viumbe wa sayari nyingine na mi hapo hamu ikaisha, nilikuja kuangalia historia sikuja kuangalia watu wamepakwa rangi ya fedha. Halafu ikakatwa, Tony na Doug wamebaki hukohuko hadi leo.

mama_zulekha:
Nyie mnabishana mashine, mi naongelea The Leap Home, zile episodi mbili za mwanzo wa sizoni ya tatu.

Sam anarudi shambani kwao Indiana, Novemba 1969, ana miaka 16, baba yupo hai, kaka yake Tom yupo hai na anakaribia kwenda Vietnam ambako atauawa Aprili 1970. Anamwambia mdogo wake Katie yote, Katie haamini, basi anachukua gitaa anamwimbia wimbo ambao duniani bado haujatoka, na mtoto anausikiliza anaupenda halafu taratibu anaelewa kwamba kama wimbo ni wa kweli basi na kifo cha kaka ni cha kweli, anaanza kulia. Mi nilizika kaka yangu mkubwa, na sijawahi kuona kitu kwenye tivii kinachosema ukweli kama ile sura ya yule mtoto. Ungepewa siku moja tu ya kukaa naye mezani ungekula au ungemwonya? Sam anahangaika kuonya hadi anakaribia kuikosa ile siku yenyewe.

Na sehemu ya pili Tom anaokoka ila mwandishi wa habari anakufa, na kwenye picha yake ya mwisho yupo Al akiwa mateka wa vita, yule rafiki wa Sam anayemtokea kila safari kama taswira ya mwanga anayoiona Sam tu. Al wa taswira alikuwepo palepale akamwacha Sam amwokoe kaka yake, na yule Al wa ujanani akabaki kifungoni. Hakusema neno.

fundi_redio:
Dada pole sana kwa kaka. Hiyo ya picha nakubali, Time Tunnel haina kitu cha namna hiyo.

kijana_wa_buguruni:
Wakuu, ile mpya ya 2022 ya Raymond Lee mmeionaje? Mi ndio nimeanzia hapo.

binti_wa_mikindani:
Inaangalika. Ila wameweka timu nzima kwenye ofisi, kila dakika tunarudishwa kwao, yaani wamechukua jina la Quantum Leap wakaijenga kama Time Tunnel, jenerali na wanasayansi wamekodolea skrini. Ile ya zamani ofisini tulikuwa ni nadra kwenda, tulikuwa na Al peke yake na sigara yake kubwa na suti zinazong'aa, kwa hiyo Sam akiwa mpweke na wewe unakuwa mpweke. Mpya ilikatwa 2024 baada ya sizoni mbili.

mpingo_mweusi:
Umenipa maneno niliyokuwa nayatafuta. Na ndio maana mwisho wa ile ya zamani unaniuma, Sam anaweza kurudi kwao ila anaenda kwanza kwa Beth, mke wa Al, anamwambia mumeo yu hai msubiri, halafu maandishi yanatokea kwenye skrini nyeusi kwamba hakurudi nyumbani tena. Hata jina lake wamelikosea, Beckett wamepunguza t moja. Nimekaa na rimoti mkononi sijui dakika ngapi.

mama_zulekha:
Deni la ile picha hilo. Amelilipa.

fundi_redio:
Aisee sikuwahi kuziunganisha hizo mbili. Naanza upya sizoni ya tatu leo usiku.